Chonge za Neema

Jumatatu, 3 Machi

Kuku wamefunguliwa. Maji yamechotwa. Uji umeungua kidogo, kosa langu, nilikuwa namwangalia Neema akipiga mswaki. Anapiga akiwa amenipa mgongo. Nikamwambia geuka nione. Kageuka, kafumba mdomo. Mtoto wa miaka tisa, mjukuu wangu wa kwanza, nimemlea tangu ana miezi sita, na bado ananificha meno.

Nimestaafu ualimu, jicho halijastaafu. Kuna kitu.

Jioni nimekijua, kwa binti wa jirani. Shuleni wanamwita Pengo. Mwalimu wao alimchagua aongoze wimbo siku ya wazazi, Neema kakataa. Neema huyu anayeimba kuanzia kisimani mpaka jikoni! Kakataa kwa sababu anayeongoza anafungua mdomo mbele za watu.

Nimekasirika sana. Nilitaka niende nikawachape watoto wa watu. Nikakaa chini. Hasira yenyewe haikuwa ya watoto.

Palizi ya alizeti imebaki mistari sita.

Jumatano, 5 Machi

Nimeyaona meno yake leo kwenye mwanga wa mlangoni. Nimemlazimisha. Jino jipya la chini, lile la pembeni ya mawili ya mbele, limetoka na mashimo. Kahawia, limekwaruzika, kama limeanza kuoza kabla halijatumika. La upande wa pili limepinda. Na baada yake, pale chonge zinapokaa, hakuna kitu. Chini hakuna, juu hakuna. Ufizi mtupu, sehemu nne.

Neema kauliza, ni kwa sababu ya kile kigoda, Bibi?

Nimesema ndiyo.

Kesho kutwa tunakwenda mjini. Simwulizi mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Singida mjini, Utemini. Kliniki ndogo ya meno, chumba kimoja na kiti kimoja cha kulaza watu. Daktari kijana, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Kanipa shikamoo, kamwita Neema "dada mkubwa". Neema kafungua mdomo mwenyewe. Nimeona wivu.

Kampiga picha ya eksirei. Kaibandika kwenye taa. Kaangalia muda mrefu. Kauliza mtoto aliwahi kuumia? Kabla sijajibu, Neema kajibu. Nilianguka kwenye kigoda nikiwa mdogo, Bibi ananiambiaga.

Daktari hakubisha. Kamtuma Neema nje akanawe mikono. Kisha kanigeukia, sauti ya chini kabisa:

"Bibi, mtoto akianguka anaumia mbele, mara nyingi juu. Huyu kaumia juu kulia, juu kushoto, chini kulia, chini kushoto. Kigoda hakipigi hesabu hivyo. Alitolewa meno ya plastiki?"

Miaka minane na zaidi sijaulizwa. Nilikuwa na jibu la kigoda tu, na limekataliwa.

Nimesema ndiyo. Nimesema mimi ndiye niliyempeleka, mama yake hakuwepo. Nimesema mimi ndiye niliyemshika kichwa.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kanieleza polepole huku anaonyesha kwenye picha. Ule weupe uliovimba kwenye ufizi wa mtoto, tunaouita plastiki, ni chonge yake ya utoto. Bado laini, bado inajengwa. Hakuna plastiki. Hakujawahi kuwa na plastiki. Na mle mle ndani ya mfupa, jirani kabisa, yale ya ukubwani nayo yameshaanza kujengwa, mtoto akiwa hana hata jino moja mdomoni. Ukichokoa la utoto kwa spoki ya baiskeli, ncha inafika kwa mengine. Lililoguswa kidogo linatoka na mashimo. Lililoguswa zaidi linatoka limepinda. Lililotolewa halitoki tena maisha.

Neema chonge ya chini kushoto haipo kabisa. Ya kulia ipo lakini imelala upande, huenda ikatoka, huenda isitoke. Za juu zipo, ni za kusubiri. Lile lenye mashimo kalisafisha na kuliziba leo hii. Limekuwa jeupe. Neema kajiangalia kwenye kioo mpaka daktari kacheka.

Turudi baada ya miezi sita. Kanipa picha nirudi nayo.

Njia nzima Neema kaimba. Mimi nimeangalia mawe.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefungua sanduku la bati. Nimetafuta daftari la mwaka ule.

Nimeandika shajara tangu chuo cha ualimu. Hakuna anayesoma isipokuwa mimi. Nikasema humu nitakuta ukweli, maana humu sikuwa na wa kumwogopa. Nimekuta huu, kwa mwandiko wangu mzuri: "Leo Neema ameanguka kwenye kigoda. Ameumia mdomo."

Loh! Nilijidanganya hata mwenyewe. Kwenye daftari langu!

Basi niandike. Joyce, mwanangu, alikuwa amerudi chuoni, kaniachia mtoto wa miezi sita. Alipofika miezi saba akaanza kuharisha na homa. Mimi Mwalimu, niliyefundisha sayansi darasa la sita, nikasikiliza majirani. Wakasema ni meno ya plastiki, yasipotolewa mtoto atakufa. Nikaona weupe kwenye ufizi. Nikaogopa. Tukaenda kwa bibi mmoja ng'ambo ya korongo, marehemu sasa. Spoki ya baiskeli iliyonolewa, kapitisha kwenye moto mara moja. Nilimshika kichwa Neema kati ya magoti yangu. Alilia, halafu akawa halii tena, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Homa haikushuka, ilipanda. Usaha. Wiki tatu. Muuguzi wa zahanati akaja nyumbani, akauliza kimetokea nini, macho yangu yakaangukia kigoda chetu cha mlangoni. Nikasema kigoda.

Joyce aliporudi nikamwambia hivyohivyo. Akaamini. Nani asiyemwamini mama yake?

Nimeandika. Mkono unauma.

Jumatatu, 10 Machi

Joyce kapiga simu kutoka Issuna, alikoolewa baadaye. Mtoto wao Baraka, miezi saba, anaharisha siku ya tatu. Zahanati wamempa chumvichumvi na vidonge vya zinki, anatapika, nyumbani wameacha kumpa. Mama mkwe wake kamchungulia mdomoni, kasema ni meno ya plastiki haya. Kuna mzee anayetoa, huja kila siku ya mnada. Mnada ni Ijumaa.

Joyce kasema, mama, wewe ni mwalimu, unasemaje?

Nimesema usikubali. Kauliza kwa nini, kuna ubaya gani? Nikasema mtandao unakata. Haukuwa unakata.

Mjinga mimi.

Jumanne, 11 Machi

Nimempigia Joyce mwenyewe. Nimesema wampe chumvichumvi kwa kijiko, kidogo kidogo, akitapika wasubiri kisha waendelee, anyonye, na wamrudishe zahanati. Kasema atajaribu. Ila Daudi mume wake kakubaliana na mama yake. Nikaomba niongee na Mama Daudi. Kanisalimia vizuri, kaniuliza habari za mvua na za mazao. Kisha kasema, "Mkwe, hayo ni ya vitabu. Sisi tumezika watoto kwa meno haya."

Nikaaga, nikakata simu. Jibu langu lina meno ya Neema ndani yake.

Nakwenda Issuna. Kwetu mama wa binti haendi ukweni bila kutuma neno kwanza. Watanisema. Waniseme.

Jumatano, 12 Machi

Kwanza Neema. Siwezi kulisema kule kabla sijamwambia mwenye meno.

Nimemwambia baada ya chakula cha mchana, tumekaa tunapembua choroko. Nimesema hukuanguka. Nimesema yote. Korongo, spoki, magoti. Nimesema niliogopa utakufa, kisha niliogopa mama yako, kisha nikazoea kuogopa.

Kaacha kupembua. Kauliza, "Ulinishika kichwa wewe?"

Ndiyo.

"Nililia?"

Ndiyo.

Kanyanyuka kaenda kwa kuku. Kakaa huko mpaka jua limeshuka. Sikumfuata. Nilitaka sana kumfuata.

Amerudi, kauliza Baraka ana meno mangapi. Nikamwambia bado hata moja. Kasema, twende wote, Bibi. Nikamwambia hakuna atakayekulazimisha kufungua mdomo kule, nimeapa. Kasema haya.

Ana jina la utani alilonipa, la sisi wawili tu; tangu mchana hajaniita nalo. Najua sababu.

Alhamisi, 13 Machi

Gari la alfajiri kutoka kwetu Nduguti. Stendi ya Singida tumebadilisha, basi la Manyoni, Issuna tumeshuka saa nane mchana. Jogoo mmoja, dumu la mafuta ya alizeti, picha ya eksirei ndani ya bahasha. Neema kabeba bahasha. Kaishika kwa mikono miwili njia nzima.

Mama Daudi alipotuona akaacha kinu akaweka mikono kichwani. Mkwe, kuna msiba? Nikamwambia hakuna msiba, kuna kosa, na ni langu. Wakaniwekea kiti. Sikukaa kwenye kiti. Nimekaa mkekani.

Baraka mgongoni kwa Joyce, macho yameingia ndani. Nimeomba kijiko kabla ya maji ya kunywa. Nimechanganya chumvichumvi, nimempa mwenyewe. Vijiko vitano. Kutapika. Kusubiri. Vijiko vitano tena. Vikakaa. Wakati nampa ndipo nikasema, sikutaka kusema nikiangaliwa usoni.

Nimesema mbele ya Joyce, mbele ya Daudi, mbele ya Mama Daudi. Sentensi fupi, kama imla.

Daudi kaangalia chini. Mama Daudi ndiye aliyejibu, na alijibu lile ambalo mimi mwenyewe nimejificha nyuma yake miaka yote. "Lakini alipona, mkwe. Si huyu hapa, mzima?"

Nikasema alipona kwa chumvichumvi na sindano za zahanati. Wiki tatu alikuwa anakufa kwa kidonda nilichomtia. Mimi nikaishukuru spoki.

Akatikisa kichwa. Hakuamini. Hapo Neema akasimama. Sikumtuma, Mungu ni shahidi. Kapiga goti mbele ya Mama Daudi, kamwamkia, kafungua mdomo. Mdomo wote. Kaweka kidole chake mwenyewe kwenye ufizi: hapa, hapa, hapa, na hapa.

Mama Daudi kaangalia. Joyce naye kaja nyuma, kaangalia juu ya bega. Anamjua mtoto huyu, kamzaa, na alikuwa hajawahi kuangalia kwa kuhesabu. Kahesabu. Kisha kamchukua Baraka mikononi mwangu, katoka nje.

Mama Daudi kasema, hayo ni ya mtoto wa kwenu, huyu ni wa kwetu. Lakini sauti haikuwa ile ya kwenye simu.

Joyce hajanisemesha. Kanitandikia, kanipa maji ya kuoga, shikamoo kanipa. Neno, hapana.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya mnada. Nimeamka nikaweka kiti mlangoni pa chumba alipolala Baraka. Nimekaa hapo na kikombe na kijiko. Kahara mara mbili tu tangu asubuhi. Kakojoa. Nimefurahia mkojo wa mtoto kuliko mshahara wowote niliowahi kupokea!

Mzee kaja saa tano. Koti safi, mfuko wa ngozi begani, mpole, kanizidi umri. Nilijiandaa kwa mtu mbaya, hakuwa mtu mbaya. Nimesimama, nimempa shikamoo yake, kamili. Marahaba, binti yangu. Kisha nikamwambia haingii.

Kashangaa. Kasema kaitwa. Nikasema najua, na mimi sijaitwa, ila haingii. Kamwangalia Daudi. Daudi kamwangalia mama yake. Mzee kasema, kwa adabu kabisa, basi wenye mtoto ndio waseme.

Nikajua sina la kufanya tena. Kusema nimesema, mlango nimeukalia, uamuzi si wangu.

Joyce katoka jikoni anafuta mikono. Hakuniangalia mimi. Kasema, "Mzee, mtoto wangu haguswi mdomo. Wa kwanza walimgusa sikuwepo. Leo nipo."

Daudi kajibu, "Kasema mke wangu."

Ikabaki Mama Daudi. Kazi yake ilikuwa ngumu kuliko yetu sote, ndiye aliyemwita. Kisha kasema mzee karibu chai, umetoka mbali. Kamletea chai na mihogo. Mzee kanywa, mfuko wake pembeni ya mguu, haukufunguliwa. Wameongea habari za bei ya ng'ombe. Kaaga, kaondoka.

Nilipoingia ndani nimelia. Sana, na kwa sauti. Baraka kaamka akanishangaa.

Jumamosi, 15 Machi

Baraka kanyonya bila kutapika. Kacheka na Neema. Ufizi wake mweupe vilevile, umevimba vilevile, na kuhara kumekata. Mama Daudi kauchungulia mara tatu leo.

Joyce kaniita uani mchana. Kanipa mgongo, anaanua nguo. Kasema, mama, nimekusikia, na Baraka umemwokoa, najua. Ila Neema anabaki hapa. Si kwa kukukomoa. Nilikuachia mtoto ukanirudishia hadithi.

Nimesema sawa.

Nilikuwa nimejiandaa kujitetea. Nina maneno, nimeishi kwa maneno. Nimesema sawa tu, nikamsaidia kukunja shuka.

Jumatatu, 17 Machi

Nduguti. Nyumba kubwa, sikujua. Nimekwenda shuleni mwenyewe kuomba barua ya uhamisho. Mwalimu mkuu nilimfundisha darasa la nne. Kauliza sababu. Zamani ningemwambia sababu za kifamilia. Nimemwambia sababu yenyewe. Kalamu ikamwanguka.

Barua nimeipata. Nimefua sare zake, nimezipiga pasi, nimezifunga na mswaki wake. Zinaondoka kesho na basi.

Naumia. Niandike hivyohivyo, naumia.

Jumanne, 25 Machi

Siku ya kupima watoto uzito hapa Nduguti. Nimemwomba muuguzi dakika kumi. Kinamama kama thelathini kwenye benchi. Wengi nimewafundisha, wananijua kwa fimbo na kwa mwandiko.

Nimeinua picha kwenye mwanga wa dirisha. Joyce aliniachia nirudi nayo, ndicho kitu cha kwanza alichonikabidhi tangu nilipokiri. Nimewaonyesha chonge isiyokuwepo. Nimewaonyesha iliyolala. Nimesema niliyafanya mimi, mwalimu wenu wa sayansi. Mmoja wa nyuma kacheka, kasema Mwalimu umezeeka. Wengine hawakucheka. Mmoja mwenye kichanga kanisubiri nje, kaniuliza kwa Kinyiramba, kwa sauti ndogo, sasa yakivimba nifanye nini? Nikamwambia usifanye kitu, ni meno yanakuja. Akiharisha, chumvichumvi na zahanati. Kaniambia nirudie. Nimerudia.

Nimemwomba muuguzi niwe nakuja kila siku ya uzito. Kakubali. Nitakuja mpaka wanichoke.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua ndogo asubuhi. Alizeti zimefungua zote, shamba lote linaangalia upande mmoja.

Neema kapiga simu kwa simu ya Mama Daudi. Darasa jipya, dawati la mbele. Hawajui jina la Pengo. Kila asubuhi ananawa mikono, anampapasa Baraka ufizi kwa kidole, ndiyo kazi yake. Jana kaona ncha, chini mbele, kali. Kamwita Mama Daudi aje aone. Mama Daudi kapapasa, kacheka, kaita majirani waje waone jino la mjukuu wake.

Na wake je, nikauliza. Ile ya kulia iliyolala. Kasema bado, Bibi, naangalia. Kasema nikija likizo utaniangalia wewe, kwenye mwanga wa mlangoni.

Nikasema nitaangalia.

Baada ya simu nimetoa daftari la zamani kwenye sanduku la bati. Nimekaa kwenye kile kigoda, ndicho kilichokuwa karibu. Nimechukua kalamu nyekundu, ya kusahihishia, ilikuwa bado ina wino. Nimekata mstari mmoja, ule wa kuanguka, kwa rula. Juu yake nimeandika: "Nilimshika kichwa." Nikaweka tarehe ya leo pembeni, nikafunga daftari, nikaenda kuwafungia kuku.